Kumfuata Brian Clough kwa treni na basi, kutoka Middlesbrough hadi Derby

Nimesharudi nyumbani London, nguo zimefuliwa, na sasa nimepata jioni za kukaa na daftari langu na picha za simu nikaiunganisha safari hii. Nilisafiri mwishoni mwa Septemba, mwezi ambao Brian Clough, kocha wa mpira wa miguu, alifariki (tarehe 20 Septemba 2004, akiwa na miaka 69). Jina lake hutamkwa Klafu. Litamkeni hivyo mkiuliza njia, la sivyo mtatazamwa tu.

Wengi wenu Dar, Mombasa na Kampala mnamjua Ferguson, Wenger na Mourinho. Mimi Clough nilisimuliwa na baba mdogo pale Tanga, mtu wa kutega sikio BBC kila Jumamosi. Alikuwa akisema kuna kocha Mwingereza aliyeichukua timu ya daraja la pili, Nottingham Forest, mji wenyewe wa kawaida tu, akaifanya bingwa wa Ulaya, na mwaka uliofuata akalichukua tena lile kombe. Nilidhani anatia chumvi. Hakutia hata chembe.

Njia niliyopita ni ya maisha yake mwenyewe: Middlesbrough alikozaliwa, Hartlepool alikoanzia ukocha, Sunderland lilikoharibikia goti lake, Nottingham, halafu Derby. Nilitaka kujua kwa nini mtu aliyeacha kazi mwaka 1993, timu yake ikiwa inashuka daraja, bado anazungumzwa kila mji kama jirani aliyehama juzi.

ALHAMISI, MIDDLESBROUGH

Treni ya asubuhi kutoka London hadi Darlington, kisha nikabadilisha treni ndogo. Tiketi niliikata wiki tano kabla kwa pauni 36. Ukiikata siku yenyewe unaweza kulipa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo usisubiri.

Kutoka stesheni ya Middlesbrough unashuka Linthorpe Road moja kwa moja hadi Albert Park, mwendo wa dakika ishirini na kitu kwa miguu. Bustani hii iko wazi tangu 1868. Upepo ulikuwa mkali na majani yameanza kudondoka. Nilizunguka nikipishana na akina mama wenye vigari vya watoto, sanamu siioni, mpaka mzee mmoja mwenye mbwa aliponiuliza natafuta nini. Nilipomtajia jina aligeuza njia yake, akanisindikiza mpaka pale.

Sanamu hii ni ya Clough kijana. Hana kombe wala hajanyoosha mkono. Ni kijana anayetembea, njumu zake kazitundika begani kwa kamba zake. Wamemweka kwenye njia aliyoipita enzi zile akitoka nyumbani kwao kwenda uwanja wa Ayresome Park. Watu wanapita pembeni yake na mifuko ya dukani kana kwamba wanaelekea naye upande mmoja. Yule mzee aliniambia baba yake alimwona Clough akicheza, na kwamba alikuwa na mdomo kuliko mwamuzi. Kisha akamvuta mbwa wake wakaenda zao.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1935 katika nyumba ya halmashauri huko Valley Road, mtaa wa Grove Hill, familia ya watoto wengi, baba akifanya kazi kwenye utengenezaji wa peremende. Nilitembea mpaka barabarani pale lakini sikupiga picha ya nyumba, kwa kuwa kuna watu wanaoishi humo. Nawaomba na ninyi mfanye hivyo hivyo.

Ayresome Park haipo tena. Middlesbrough walihamia Riverside mwaka 1995 na pale pamejengwa nyumba. Lakini waliojenga walikuwa na moyo: katikati ya makazi yale kuna alama za njumu zilizochongwa kwa shaba, mahali ambapo Pak Doo-ik wa Korea Kaskazini aliifunga Italia kwenye Kombe la Dunia la 1966. Nilichuchumaa nikazigusa. Ni alama ndogo tu kwenye nyasi, ukiwa na haraka utazipita.

Hapa Clough alifunga mabao 197 katika mechi 213 za ligi. Pamoja na yale ya Sunderland yanakuwa 251 katika mechi 274. Yasomeni tena hayo. Hata hivyo aliichezea England mechi mbili tu, zote Oktoba 1959. Kuna mechi ya mwaka 1960 ambayo Middlesbrough walitoka sare ya 6-6 na Charlton, naye akiwa amefunga matatu. Hebu mfikirie mshambuliaji anayefunga matatu ugenini na bado hashindi.

Ni hapa pia alipokutana na mtu ambaye safari yangu yote iliishia kuwa juu yake. Peter Taylor alikuwa golikipa, alikuja kutoka Coventry mwaka 1955. Wakati ule Clough alikuwa nyuma kabisa kwenye foleni ya washambuliaji, hakuna anayemhesabu. Taylor alimwona mazoezini akaanza kumwambia kila mtu kwamba huyu kijana ni moto. Kabla ya makocha, kabla ya magazeti, golikipa ndiye aliyeona.

Jioni nilikula parmo, chakula cha mji huu: kuku aliyepondwa akawa bapa, akavikwa chenga za mkate, akakaangwa, kisha akamwagiwa sosi nyeupe na jibini juu na kuokwa. Pauni 9 na chipsi. Kinatosha watu wawili wenye njaa. Chumba cha kulala pauni 38, safi, kifungua kinywa hakimo.

IJUMAA, HARTLEPOOL NA SUNDERLAND

Reli ya pwani ina raha yake. Treni moja inatoka Middlesbrough, inapita Stockton na Billingham, inafika Hartlepool, inaendelea Seaham hadi Sunderland. Kaeni upande wa kulia, baada ya Hartlepool bahari iko chini yenu kabisa. Billingham niliyatazama mabomba ya viwandani nikakumbuka kwamba huku ndiko Clough alikofanya kazi ICI, kampuni ya kemikali, baada ya kuacha shule bila cheti chochote.

Uwanja wa Hartlepool uko karibu sana na stesheni. Geti lilikuwa limefungwa. Nikasimama nikichungulia kama mtoto aliyekosa tiketi, mpaka mama mmoja aliyekuwa akishusha maboksi kutoka kwenye gari akaniuliza shida yangu. Nilimweleza. Alicheka, akaniacha niingie mpaka kwenye ngazi za jukwaa nitazame nyasi kwa dakika tano, kisha akaniletea chai kwenye kikombe cha karatasi. Alikataa katakata pesa yangu.

Clough alipewa timu hii Oktoba 1965 akiwa na miaka 30, na hapo hapo akamwita awe msaidizi wake Taylor, ambaye alikuwa akifundisha Burton Albion. Taylor alikubali kuja kwa mshahara mdogo kuliko aliouacha. Timu ilikuwa mkiani mwa daraja la nne na haina hela. Clough aliomba leseni ya kuendesha basi ili aweze kuwapeleka wachezaji mwenyewe, alikaa muda bila kuchukua mshahara, na alizunguka kwenye vilabu vya wafanyakazi akichangisha. Msimu wao wa pili walimaliza nafasi ya 8, na msimu uliofuata, wenyewe wakiwa wameshaondoka, timu ikapanda daraja.

Na humu ndani alimpa nafasi mvulana wa miaka 16 aitwaye John McGovern. Hakuwa na kasi, na mwendo wake ulikuwa wa kushangaza. Clough alimchukua Derby, akamchukua Leeds, akamchukua Nottingham. Mwaka 1979 na 1980 nahodha aliyenyanyua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya alikuwa ni yule mvulana wa Hartlepool. Nilipomwambia yule mama habari hii, alinijibu kwamba hapa kila mtoto anaijua.

Mchana nikawa Sunderland. Unashuka stesheni kuu, unachukua metro hadi Seaburn, kisha miguu. Roker Park nayo imeshabomolewa, timu ilihamia Stadium of Light mwaka 1997, na mitaa ya makazi yaliyojengwa pale imepewa majina ya mpira. Nilisimama kwenye mtaa uitwao Promotion Close, magari yameegeshwa, mtu anaosha madirisha.

Tarehe 26 Desemba 1962, uwanja umeganda kwa baridi, Sunderland wanacheza na Bury. Clough alikimbilia mpira akagongana na golikipa Chris Harker. Kano za goti zikakatika. Alikuwa na miaka 27 na alikuwa ameshafunga msimu ule kama mtu anayekimbizwa. Alirudi uwanjani Septemba 1964, akacheza mechi tatu, akafunga bao moja, dhidi ya Leeds. Hilo ndilo bao lake pekee katika daraja la juu kabisa la England. Baada ya hapo basi.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nimeona goti kama hilo kwetu. Kila mtaa Tanga una kaka mmoja ambaye watu husema angecheza Taifa Stars kama si lile goti. Wengi wao walibaki na hadithi na kuchechemea. Huyu hasira zake zote alizihamishia benchi.

JUMAMOSI, NJIANI

Siku hii ilikuwa ya kukaa kwenye viti. Sunderland hadi York, York hadi Sheffield, Sheffield hadi Nottingham. Kabla ya York treni ilisimama mashambani zaidi ya saa nzima, hitilafu ya taa za reli, na mgahawa wa ndani ukaishiwa hata maji. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alifungua kopo lake akatoa sandwichi za yai, akazigawa kwa wote tuliokuwa kwenye meza ile bila kutuuliza kama tunataka. Aliponisikia naenda kwa ajili ya Clough alisema mume wake marehemu, shabiki wa Leeds, hakuwahi kumsamehe. Leeds walimpa kazi mwaka 1974 wakamfukuza baada ya siku 44.

Kwa wasafiri: treni ikichelewa Uingereza, tunza tiketi yako. Kampuni nyingi zinarudisha sehemu ya nauli kuanzia dakika 15 au 30 za kuchelewa, na ikizidi sana hurudisha yote. Fomu inajazwa mtandaoni. Yangu ilirudi baada ya siku kumi hivi.

JUMAPILI, NOTTINGHAM

Sanamu ya Nottingham iko jirani na Old Market Square, pale King Street na Queen Street zinapokutana. Ukishuka tramu kituo cha Old Market Square huwezi kupotea. Ilizinduliwa Novemba 2008 na mjane wake, Barbara, mbele ya maelfu ya watu, na hela za kuijenga zilichangwa na wananchi wenyewe. Les Johnson amemchonga Clough akiwa na ile sweta yake ya mazoezini, mikono ameiunganisha juu ya kichwa kama anayesalimia umati.

Nilitazama watu kwa saa nzima. Bwana harusi na wapambe wake walipita kupiga picha. Mtoto alikaa miguuni kwake akila aiskrimu. Kijana mmoja mwenye jezi nyekundu, ambaye Clough anafariki yeye bado alikuwa anatambaa, alinitajia kikosi cha fainali ya 1979 kwa kichwa, kutoka kipa Peter Shilton hadi winga John Robertson. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akajibu kwamba ni babu yake, kila walipokuwa wakienda uwanjani, babu alimtajia majina kabla ya kuvuka mto, na hawavuki mpaka arudie.

Niwape kisa kwa kifupi, maana bila hicho sanamu haieleweki. Clough alifika Nottingham Forest Januari 1975, timu ikiwa nafasi ya 13 daraja la pili. Taylor alijiunga naye Julai 1976. Mwaka 1977 walipanda, nafasi ya tatu. Mwaka 1978, msimu wao wa kwanza juu, wakawa mabingwa. Kuanzia Novemba 1977 hadi Desemba 1978 walicheza mechi 42 za ligi bila kufungwa. Mwaka 1979 wakawafunga Malmö 1-0 Munich, krosi ya Robertson na kichwa cha Trevor Francis, mchezaji wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja. Mwaka 1980 wakawafunga Hamburg 1-0 Madrid, bao la Robertson mwenyewe. Forest wamechukua ubingwa wa Ulaya mara mbili na ubingwa wa nchi yao mara moja. Hakuna klabu nyingine ya namna hiyo.

Robertson walimkuta mnene, mchafumchafu, amewekwa sokoni. Taylor alimwambia ukweli mchungu kuhusu maisha yake, na Clough akamjengea timu. Ndivyo walivyofanya kazi. Mmoja anaona, mwingine anathubutu.

Mchana nilitembea kutoka stesheni kwenda City Ground. Unapita mtaa wa The Meadows, alikozaliwa Peter Taylor mwaka 1928. Nyumba za matofali, duka la simu, kinyozi Mkongo niliyesalimiana naye kwa Kiswahili chake cha Bukavu. Nikamuuliza kama anajua mtaa huu umetoa nani. Hakujua, akaita wateja, nao hawakujua. Clough wote walimjua.

Uwanja uko kando ya mto Trent. Jukwaa moja lina jina la Clough, jingine la Taylor. Lile la Taylor lilipewa jina lake mwaka 2015, miaka 25 baada ya kufa kwake. Nilisimama nje nikitazama maandishi yale mawili na nikaona ni haki iliyochelewa, lakini imekuja. Siku hiyo hapakuwa na mechi, duka la klabu lilikuwa limefungwa mapema, mvua ikaanza.

Kuna mambo ya Clough nayapenda bila kupunguza. Alikataza wachezaji wake kubishana na mwamuzi. Mashabiki walipozidi matusi aliweka bango uwanjani lililowaomba waungwana wasitukane, likiwa na sahihi ya Brian. Wachimba makaa walipogoma mwaka 1984 alisimama nao hadharani. Beki wake wa kulia, Viv Anderson, kijana wa hapa hapa Nottingham mwenye wazazi kutoka Jamaica, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuitwa na kuichezea timu kubwa ya England, Novemba 1978.

Na kuna mambo yanayoniuma. Mwaka 1981 walimnunua Justin Fashanu, mchezaji mweusi wa kwanza wa Uingereza kufikia pauni milioni moja. Clough alipojua kwamba anapenda wanaume wenzake alimdhalilisha na kumfungia mazoezi. Fashanu alijiua mwaka 1998. Mimi ni shabiki wa Liverpool, na sisi tuna jambo letu pia. Forest ndio waliokuwa wapinzani wetu uwanjani Hillsborough tarehe 15 Aprili 1989, siku ya maafa ya msongamano yaliyoua watu 97. Miaka mitano baadaye Clough aliandika kwamba mashabiki wa Liverpool walijisababishia. Baraza la mahakama lililochunguza vifo hivyo liliwasafisha mashabiki kabisa mwaka 2016. Nilipolitaja hili kwenye baa karibu na uwanja, mzee mmoja wa Forest aliyekuwepo siku ile Hillsborough aliweka glasi chini akasema, "Hapo alikosea, na alitukosea na sisi tulioona." Kisha akaninunulia soda. Pauni 2 na senti themanini, nimeiandika kwa sababu hakuniacha nimrudishie.

JUMATATU, BRIAN CLOUGH WAY HADI DERBY

Kati ya Nottingham na Derby kuna kama kilomita 24, na miji hii miwili haipendani kabisa kwenye mpira. Barabara inayoiunganisha, A52, ilipewa jina la Brian Clough Way mwaka 2005. Basi la red arrow linapita humo, nauli pauni 3, maana wakati nikisafiri nauli ya kawaida kwenye mabasi mengi ya England ilikuwa imewekewa kikomo hicho. Kaa mbele uone vibao.

Derby niliingia kwenye duka dogo kununua betri na maji. Nyuma ya kaunta alikuwa mzee wa Kihindi. Simu yangu ikaita, nikaongea na mke wangu, na nilipomaliza mzee akaniuliza, "Unatoka wapi, bwana?" Kiswahili cha Kampala, kimepata kutu kidogo lakini kipo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajaitamka muda mrefu. Alitoka Uganda na wazazi wake mwaka 1972, Amin alipowafukuza, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mjomba wake alikuwa tayari Derby kiwandani, wakaja kwake.

"Sasa wewe fikiria," akaniambia, "tumefika, baridi, hatujui mtu. Mjomba anasema twende tukasikilize." Oktoba ile Derby walicheza na Benfica kwenye Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, kwa sababu Clough na Taylor walikuwa wameifanya Derby bingwa wa England mwezi wa tano mwaka ule ule. Ndani ya Benfica alikuwamo Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji. Tiketi hawakuwa nazo. Walisimama nje ya Baseball Ground, kati ya nyumba za wafanyakazi, wakisikia kishindo. Kikaja cha kwanza, cha pili, cha tatu. McFarland, Hector, McGovern. Derby 3, Benfica 0. Mzee aliyahesabu kwa vidole mbele yangu. Alisema watu wasiowajua waliwakumbatia barabarani, na siku iliyofuata shuleni alikuwa na la kuongea.

Nilimwambia nimemfuata Clough tangu Middlesbrough. Akatikisa kichwa. "Na Taylor je?" Akanikumbusha maneno ya Clough mwenyewe, kwamba yeye ni dirisha la duka na Taylor ndiye bidhaa zilizo nyuma. "Mimi nina duka miaka arobaini. Dirisha bila mali ni kioo tu. Kidole kimoja hakivunji chawa." Maji alinipa bure, betri alinilipisha.

Baseball Ground nayo ni makazi sasa, ilivunjwa baada ya timu kuhamia Pride Park mwaka 1997. Nikaenda Pride Park kwa miguu, robo saa kutoka stesheni ya treni. Sanamu ya hapa ni ya watu wawili. Ilizinduliwa Agosti 2010, kazi ya Andrew Edwards: Clough na Taylor bega kwa bega, shaba moja, kimo kimoja cha heshima.

Ubingwa wa 1972 ulipopatikana Clough alikuwa mapumzikoni na familia visiwa vya Scilly, Taylor yuko Majorca na wachezaji. Walikuwa wameshamaliza mechi zao na wapinzani wakateleza. Walijiuzulu pamoja Oktoba 1973 baada ya ugomvi na viongozi wa klabu, na mji ukaandamana wakitaka warudishwe. Taylor alistaafu Forest mwaka 1982, kisha akarudi Derby kama kocha, na mwaka 1983 alimsajili Robertson kutoka Forest bila kumwambia mwenzake. Clough alikasirika, na hawakuongea tena. Taylor alifariki Majorca Oktoba 1990. Clough alienda mazikoni, na kwa maneno yake mwenyewe alijuta mpaka mwisho. Baada ya 1980 Clough alichukua Kombe la Ligi mara mbili, 1989 na 1990, lakini ubingwa wa nchi au wa Ulaya hakuwahi kuupata bila Taylor. Kwangu hilo linatosha kama ushahidi.

Clough alipofariki, ibada ya kumbukumbu ilipangwa kufanyika kanisa kuu la Derby. Watu waliotaka kuhudhuria walikuwa wengi mno, ikahamishiwa hapa Pride Park, na zaidi ya watu 14,000 walikuja, wenye skafu nyeupe za Derby na nyekundu za Forest wakikaa pamoja. Mlinzi aliyenipiga picha mbele ya sanamu alikuwepo. Alisema hajawahi kuona hilo kabla wala baada.

Gharama yote, pamoja na vitanda na chakula, haikufika pauni 330, karibu milioni moja na laki moja ya Tanzania kwa bei ya siku zile. Ukiwa na siku moja tu, achana na kaskazini, panda treni hadi Derby na uanze na sanamu ya wawili. Halafu chukua red arrow kwenda Nottingham, pita The Meadows kwa miguu ukielekea City Ground, na sanamu ya mjini iwe ya mwisho. Basi la kurudi Derby lipo mpaka usiku, ila angalia ratiba ya Jumapili.